Uwongozi Huanza Nyumbani: Maisha ya Sayyidna Umar bin Abdul-Aziz

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ni wachache katika miji yetu wasiopata kusikia kisa cha taa ya Sayyidna Umar bin Abdul-Aziz. Twakisikia katika mawaidha, twawasimulia watoto wetu, twatikisa vichwa kwa kustaajabu, kisha twarejea kwenye mambo yetu kama tulivyokuwa. Sababu yake ni kuwa tumekichukua kisa kile kama karama ya walii, jambo la kustaajabiwa, si jambo la kufuatwa. Lau tungaliyajua maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, tungaliona kuwa mtu huyu hakuzaliwa na taa ile mkononi mwake. Alizaliwa katika neema na akaishi katika anasa sehemu kubwa ya umri wake, na juu ya hayo aliingia katika dhulma moja iliyomliza hata kufa kwake. Kisha akaishika nafsi yake, akaizoeza mambo madogo madogo ya kila siku, na kutoka katika mambo madogo hayo ukatoka uadilifu ulioenea kutoka Andalusi hata Khurasan. Hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza, ili kila mmoja wetu ajue kuwa mlango huu haukufungwa.

NASABA YAKE NA MALEZI YAKE

Sayyidna Umar alizaliwa kiasi cha mwaka 61 Hijria, yaani karibu na mwaka 681 wa miladi; na wengine husema 63. Babake ni Abdul-Aziz bin Marwan, aliyekuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka 20 hivi, na ami yake ni Abdul-Malik bin Marwan, khalifa wa Bani Umayya. Kwa upande wa mamake, yeye ni katika kizazi cha Sayyidna Umar bin Khattab, kwani mamake ni Umm Asim binti wa Asim bin Umar.

Wanahistoria wamesimulia juu ya ndoa ya huyo Asim kisa ambacho yafaa tukitaje. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa usiku mmoja akizunguka mitaa ya Madina ili ajue hali za raia zake, akamsikia mama mmoja akimwamrisha binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akasema kuwa Khalifa amelikataza jambo hilo. Mama akamwambia kuwa Khalifa hawaoni saa ile. Binti akamjibu kuwa ikiwa Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa awaona. Sayyidna Umar akaitia alama nyumba ile, na asubuhi akawataka wanawe mmoja wao amwoe binti yule, naye Asim akamwoa. Basi Umar wetu huyu ni mjukuu wa binti aliyekataa kutia maji katika maziwa. Yeye hakuwa na cheo wala mali, alikuwa na maziwa tu na usiku wa kiza. Lakini amana yake katika jambo hilo dogo ilimfikia mjukuu wake juu ya kiti cha ukhalifa.

Babake alimpeleka Madina akasome, akamweka chini ya mwalimu mmoja, Salih bin Kaysan. Siku moja mtoto alichelewa sala ya jamaa. Mwalimu alipomwuliza sababu, akasema kuwa mtumishi wake alikuwa akimchana nywele. Mwalimu akaandika khabari hiyo Misri. Babake hakulidharau jambo lile wala hakusema kuwa mtoto ni mtoto. Alimtuma mtu safari yote ile kutoka Misri hata Madina, na mtu huyo hakusema na mtoto neno mpaka alipomnyoa nywele zile zote. Natuitazame hukumu hii. Baba hakumpiga mwanawe, bali alikiondoa kile kitu kilichomshughulisha.

Mwalimu wake mwengine alikuwa Ubaydullah bin Abdullah bin Utba, mmoja katika mafakihi wakubwa wa Madina. Zama zile desturi mbaya ilikuwa imeingia ya kumtukana Sayyidna Ali juu ya mimbari, na kijana akaifuata kama walivyoifuata jamaa zake. Sheikh wake alipopata khabari alimwonyesha ghadhabu, akamwuliza ni wapi alipopata khabari kuwa Mwenyezi Mungu amewakasirikia watu wa Badr baada ya kuwa radhi nao. Kijana akaona haya, akataka radhi, akaahidi kutorudia. Neno hilo la chumba cha darasa lilikaa moyoni mwake miaka mingi, na tutaliona likitoa matunda yake mbele.

UJANA WAKE NA ULIWALI WA MADINA

Pamoja na ilimu hiyo, Umar alikuwa kijana wa starehe kuliko wote wa ukoo wake. Nguo yake ilinunuliwa kwa mamia ya dirhamu naye akaiona kavu mwilini. Manukato yake yalijulikana kabla ya yeye kufika. Na mwendo wake wa maringo ulikuwa na jina lake, hata wasichana wakijifundisha kuuiga. Ami yake Abdul-Malik alimwoza binti yake Fatima, mwanamke ambaye baba yake ni khalifa na ndugu zake wanne walikuwa makhalifa.

Mwaka 87 H. (706) Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik alimfanya liwali wa Madina, naye ana umri wa miaka 25 hivi. Akaingia Madina na mizigo yake mingi. Lakini jambo la kwanza alilolifanya ni kuwaita mafakihi 10 wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubayr, al-Qasim bin Muhammad, Salim bin Abdullah bin Umar na huyo sheikh wake Ubaydullah. Akawaambia kuwa hataki kukata shauri bila ya rai yao, au rai ya wale watakaokuwapo katika wao, na kuwa wakimwona mtumishi wake yeyote akidhulumu basi amewaapia kwa Mungu wamfikishie khabari. Mtu wa miaka 25, mwana wa mfalme, ameketi mbele ya wazee akiwaomba wamkosoe! Katika siku zake ndipo Msikiti wa Mtume ulipojengwa upya na kupanuliwa.

Walakini kushauriana hakutoshi ikiwa mtu hawezi kumkatalia aliye juu yake. Mwaka 93 H. Khalifa alimwandikia amri ampige viboko Khubayb, mwana wa Abdullah bin Zubayr, kwa maneno aliyoyasema ambayo Bani Umayya hawakuyapenda. Umar akaitii amri ile. Khubayb alipigwa, akamwagiwa maji baridi siku ya baridi kali, akasimamishwa mlangoni mwa msikiti, na baada ya hayo akafa. Khabari ya kifo ilipomfikia, Umar alianguka kwa majuto. Tangu siku ile hakupata kuisahau. Kila aliposifiwa kwa jambo jema, hata alipokuwa khalifa, alikuwa akiuliza itakuwaje naye ana Khubayb mbele yake njiani.

Ndugu msomaji, kuna watu wanaodhani kuwa mwema ni yule asiyepata kuteleza. Huyu aliteleza mahali pazito, na mtu alikufa. Udhuru alikuwa nao tayari, nao ndio udhuru wa kila mtumishi wa serikali tangu dunia kuumbwa, kuwa yeye aliamrishwa tu. Hakuutumia. Alilibeba jambo lile kama lake. Na mwaka ule ule alimwandikia Khalifa akimlalamikia dhulma ya al-Hajjaj, liwali wa Iraq, na watu waliomkimbia al-Hajjaj walipata mahali pa kupumua katika Makka na Madina. Al-Hajjaj naye akamshitaki kwa Khalifa, na Umar akaondolewa kazini. Mara ya kwanza aliitii amri ya dhulma akabakia na kazi yake. Mara ya pili aliikemea dhulma akaikosa kazi yake. Baina ya mambo mawili hayo ndipo alipozaliwa Umar mwengine.

SIKU YA KWANZA YA UKHALIFA

Mwaka 99 H. (717) Khalifa Sulayman bin Abdul-Malik alikuwa Dabiq, upande wa kaskazini wa Halab, akashikwa na maradhi ya kufa. Mwanachuoni Raja' bin Haywa alimshauri awachagulie Waislamu mtu mwema, naye akaandika jina la Umar, na baada yake jina la Yazid bin Abdul-Malik ili jamaa zake waridhike. Barua ikatiwa muhuri, na jamaa wakaapishwa wamtii aliyemo bila ya kujua ni nani. Sulayman alipokufa barua ikasomwa. Imepokewa kuwa watu wawili walisema Inna lillahi wakati mmoja: Hisham bin Abdul-Malik kwa kuukosa, na Umar kwa kuupata.

Waliporudi kutoka makaburini wakamletea farasi wa kifalme waliopambwa, na mkuu wa walinzi akasimama mbele na silaha yake. Umar akauliza ni nini hivi, akaambiwa kuwa ndivyo apandavyo khalifa. Akataka aletewe nyumbu wake mwenyewe, akaamrisha farasi wale wauzwe na thamani yao itiwe katika Baytul-mali. Akaulizwa kama ataingia jumba la ukhalifa, akasema kuwa ndani yake mna watu wa Sulayman, na hema lake lamtosha mpaka watakapohama kwa wakati wao.

Alikuwa amekesha usiku, akataka kulala kidogo kabla ya adhuhuri. Mwanawe Abdul-Malik, kijana ambaye hata miaka 20 hajaitimiza, akaingia akamwuliza vipi atalala kabla ya kuwarudishia watu vilivyodhulumiwa. Akamjibu kuwa atafanya hivyo baada ya sala ya adhuhuri. Mtoto akamwuliza ni nani aliyemdhaminia kuwa ataishi mpaka adhuhuri. Baba akasimama, akambusu mwanawe baina ya macho, akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemtolea katika mgongo wake mtu wa kumsaidia katika dini yake, akatoka bila ya kulala.

Na alipotoka hakuanza na watu. Alianza na nafsi yake. Akaleta hati za mashamba yote aliyopewa na makhalifa wa ukoo wake, zikawa zikisomwa moja moja, naye ana makasi mkononi akizikata, hata hakubakiwa ila na kichache alichokijua kuwa ni halali yake. Fadak akairudisha kama ilivyokuwa zama za Bwana Mtume. Kisha akaingia nyumbani kwa mkewe Fatima, aliyekuwa na vito vya thamani alivyopewa na babake, akamkhiyarisha: ama avirudishe katika Baytul-mali, ama amruhusu amwache, kwani yeye hawezi kuwa pamoja na vito hivyo katika nyumba moja. Fatima akamchagua mumewe. Baada ya kufa Umar, ndugu yake Yazid alipokuwa khalifa alitaka kumrudishia, naye akakataa, akasema kuwa hawezi kumtii mumewe alipokuwa hai kisha amwasi alipokufa. Wangapi katika sisi twaweza kusema kuwa uadilifu wetu umewaingia watu wa nyumbani mwetu namna hii?

Ndipo sasa alipowageukia Bani Umayya, akawaamrisha warudishe walivyovichukua. Walikasirika, wakamtumia watu na wazee wa ukoo. Lakini walikosa neno la kumwambia, maana hawakuweza kumwonyesha kitu hata kimoja alichokichukua yeye akawakataza wao.

MAMBO YAKE YA KILA SIKU

Sasa twafika kwenye ile taa. Imepokewa kuwa alikuwa akiandika mambo ya Waislamu kwa mwanga wa mshumaa wa Baytul-mali, na anapomaliza, au mtu akianza kumwuliza khabari zake na za watoto wake, huuzima na kuwasha taa yake mwenyewe. Wenye kukichukulia kisa hiki kuwa ni ubakhili au wasiwasi hawakukifahamu. Thamani ya mafuta yale haikuwa kitu. Alichokuwa akikilinda ni mpaka: hapa pakoma mali ya watu, na hapa paanza mali yangu. Mtu akiuvuka mpaka huo kwa tone la mafuta, kesho hauoni tena anapouvuka kwa shamba.

Na taa haikuwa peke yake. Mtumishi wake alikuwa akimletea maji ya moto ya kutawadhia. Alipojua kuwa yalikuwa yakipashwa moto katika jiko la umma kwa muda wa siku nyingi, aliamrisha kuni za siku hizo zihisabiwe na kurudishwa. Aliletewa asali, akapendezewa nayo, na alipofahamu kuwa imebebwa na mnyama wa posta ya serikali, aliiuza na kuitia thamani yake katika Baytul-mali. Siku moja alikuwa akigawanya matufaha ya umma, mwanawe mdogo akachukua moja. Akamnyang'anya kinywani, mtoto akaenda kwa mamake akilia, na mamake akatuma sokoni wakamnunulia. Umar aliporudi akasikia harufu ya matufaha, akauliza yametoka wapi, na alipojua ndipo alipotulia, akasema kuwa alipomnyang'anya mwanawe aliona kama anaunyang'anya moyo wake mwenyewe. Mtu huyu, basi, hakuwa jiwe. Alimpenda mwanawe kama tunavyowapenda wetu.

Liwali wake wa Madina, Abu Bakr bin Hazm, alimwandikia akitaka aongezewe karatasi, na mishumaa ya kumtangulia usiku. Akamjibu achonge kalamu yake iwe nyembamba, akurubishe mistari, na ayakusanye mambo mengi katika ukurasa mmoja. Na ama mishumaa, akamkumbusha kuwa alikuwa akitoka nyumbani kwake zamani usiku wa kiza bila ya taa. Na huyu Abu Bakr bin Hazm aliyenyimwa karatasi za israfu ndiye yule yule aliyeamrishwa na Umar kuziandika Hadithi za Bwana Mtume, kwa kukhofia ilimu isipotee kwa kufa wanachuoni. Karatasi za fakhari zilikosekana, na za ilimu zikapatikana.

Usiku mmoja alikuwa na mgeni, Raja' bin Haywa, na taa ikaanza kufifia. Mtumishi alikuwa amelala kando. Mgeni akataka kumwamsha, Umar akakataa. Mgeni akataka kuinuka yeye, akakataa pia, akasema kuwa si muruwa wa mtu kumtumikisha mgeni wake. Akasimama mwenyewe, akatia mafuta, akaitengeneza, akarudi. Mgeni alipostaajabu, alimjibu kuwa alisimama naye ni Umar na akarudi naye ni Umar yule yule. Hakupungukiwa na kitu.

Na nguo zake? Yule aliyeiona nguo ya mamia ya dirhamu kuwa kavu, sasa alivaa nguo ya dirhamu chache akaiona laini mno. Wala hakuwaacha wale wenye kumkosoa. Alimwandikia al-Hasan al-Basri akitaka nasaha, na aliwaweka karibu naye watu wa mfano wa Raja' bin Haywa na Maymun bin Mihran, ambao wangaliweza kumwambia umekosa, naye asikasirike. Desturi ile ya mafakihi 10 hakuiacha, bali aliikuza.

MATUNDA YA MAMBO HAYO

Mtu akiyajua haya hatastaajabu na yale makubwa. Kijana aliyekemewa na sheikh wake kwa ajili ya Sayyidna Ali alipopata mamlaka aliiondoa desturi ya kumtukana juu ya mimbari, ikakoma katika miji yote. Mtu aliyeitenga taa ya umma na taa yake aliwaandikia maliwali waache kutoza jizya kwa waliosilimu. Walipomlalamikia kuwa Baytul-mali itapungua, aliwajibu kuwa Mwenyezi Mungu alimtuma Muhammad awaongoze watu, hakumtuma kuwa mtoza kodi. Al-Jarrah bin Abdullah, liwali wa Khurasan, aliyekuwa akiwawekea vikwazo wenye kusilimu, aliondolewa kazini. Na jeshi la Waislamu lililokuwa limeuzunguka mji wa Constantinople, ambao leo waitwa Istanbul, likifa kwa njaa na baridi, aliliamrisha lirudi mwaka 718, akalipelekea chakula na wanyama. Hakuona haya kusimamisha vita alivyovianzisha mwengine, ingawa wenye kupenda sifa wangaliona haya.

Watu wa Samarqand, nao si Waislamu, walimlalamikia kuwa mji wao ulichukuliwa kwa hila miaka iliyopita. Akaamrisha wawekewe kadhi asikilize maneno yao. Kadhi akawahukumia: Waarabu watoke waende kambini kwao, kisha ama wapatane upya ama wapigane kwa haki. Watu wa nchi walipoiona hukumu hiyo, wakachagua kubaki kama walivyo.

KUFA KWAKE

Mwanawe Abdul-Malik, yule aliyemwamsha usingizini, alikufa kabla yake. Akasimama juu ya kaburi lake akamshuhudia kuwa alikuwa mwana mwema kwa babake, akaridhika na hukumu ya Mola wake, akarudi kazini.

Yeye mwenyewe alishikwa na maradhi mwaka 101 H. Riwaya nyingi zasema kuwa alipewa sumu na mtumishi wake kwa dinari 1,000. Naye alipojua alizitaka dinari zile, akazitia katika Baytul-mali, akamwambia mtumishi aende zake mahali asipoonekana. Shemeji yake Maslama alikuja kumtazama, akaiona kanzu yake ina taka, akamwambia dada yake Fatima aifue. Siku ya pili akaikuta vile vile, akakasirika. Fatima akamwambia kuwa hana nyengine. Akaulizwa juu ya watoto wake, ambao hakuwaachia ila kitu kidogo sana, akasema kuwa ama watakuwa wema, na Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wa wema, ama watakuwa waovu, naye hatawasaidia kwa mali juu ya maasi.

Alikufa Dayr Sim'an, katika nchi ya Sham, mwezi wa Rajab mwaka 101 H. (Februari 720), naye hajaipita miaka 40. Alitawala miaka miwili na miezi mitano tu.

TUANZE WAPI?

Sasa, ndugu msomaji, lazima tuseme jambo ambalo wasemaji wengi huliacha, kwa sababu laudhi. Baada yake alitawala Yazid bin Abdul-Malik, na mengi katika aliyoyatengeneza Umar yakarejea yalivyokuwa. Kwa nini? Kwa sababu watu walimpenda, wakamlilia, lakini wengi katika wakubwa wa zama zake hawakuchukua tabia yake majumbani mwao. Walimngojea afe. Uadilifu uliokaa katika kifua cha mtu mmoja huzikwa pamoja naye, na ule uliokaa katika desturi za watu hubakia.

Nasi katika miji yetu twalia kila siku kuwa hatuna viongozi. Twangojea aje Umar. Lakini Umar huyo, akija, atatoka wapi kama si katika nyumba zetu? Babake alituma mtu kutoka Misri kwa ajili ya sala moja ya jamaa iliyochelewa. Sisi je, twajua wanetu walisali wapi jana? Bibi yake alikataa kutia maji katika maziwa. Sisi je, mizani zetu za dukani zasema nini?

Usiseme kuwa wewe huna Baytul-mali. Mwenye kushika sanduku la msikiti ana Baytul-mali. Mwenye kusimamia nyumba ya wakfu ana Baytul-mali, na mwenye kukaa ndani yake kwa kodi ya zamani kwa kuwa msimamizi ni jamaa yake, aujue mpaka wake. Mwenye kulea mayatima na kushika mirathi yao kabla haijagawanywa ana Baytul-mali nzito kuliko zote. Mwenye gari la kazi, au simu ya afisini, au karatasi na wino wa madrasa, hizo ndizo taa zake. Na atakayepewa fedha za jamaa akazichanganya na zake katika mfuko mmoja, kwa nia ya kuzihisabu baadaye, huyo ameshazima taa isiyofaa kuzimwa na kuwasha isiyofaa kuwashwa.

Basi na tuanze leo kwa jambo moja dogo, na tulifanye kesho, na kesho kutwa, mpaka nafsi ilizoee kama ilivyozoea kinyume chake. Atakayekuwa na hesabu ya watu mkononi mwake aiandike usiku huu kabla hajalala. Atakayekuwa na haki ya mtu asingojee adhuhuri. Na atakayekuwa na Khubayb wake, mtu aliyemdhulumu kisha akasema kuwa aliamrishwa tu, asitafute udhuru, amwendee akiwa hai amtake radhi. Na akiwa amekufa, awaendee watu wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyidna Umar bin Abdul-Aziz, na atujaalie katika wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mazuri yake. Amin.